Meno ya Chini

Maneno yalianzia kwenye foleni ya maji, mahali ambapo maneno mengi ya mtaa wa Satellite, Nairobi, huzaliwa. Philister alikuwa amepanga debe lake nyuma ya debe la jirani yake Rael, akiomba tu zamu yake ifike kabla bomba halijafungwa. Rael akamgeukia na uso wa mtu aliyeshika kaa la moto na hana pa kulitua.

"Mama Joash, mimi siongezi, sipunguzi. Nakupa vile nilipewa."

Alivyopewa ni hivi. Shemeji yake, anayeuza misumari na bawaba kule River Road, alikuwa amesikia kelele juu ya duka la kupiga chapa, akapanda ngazi kwenda kuona ni nani anachinjwa. Akamkuta Joash, mwana wa Philister, amesimama akielekea ukuta, macho amefumba, mishipa ya shingo imemtoka, saksafoni mdomoni. Na kilichotoka kwenye ile saksafoni hakikuwa wimbo. Hakikuwa twisti, hakikuwa rumba, hakikuwa utenzi wa kanisa. Mara mbuzi aliyekosewa na kisu, mara mzee anayecheka peke yake, mara mtoto mchanga. Kando yake Mkamba mmoja alikuwa akipiga ngoma zisizokwenda popote.

"Wanasema si yeye anayepuliza," Rael akamalizia, sauti chini. "Wanasema anapulizwa."

Wanawake wa foleni walitega masikio. Kisha mmoja akasema basi ndiyo maana ng'ombe wake amekataa kutoa maziwa tangu Joash aanze kufanyia mazoezi kule mtoni. Watu wakacheka, na Philister akacheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka bombani ndiye aliyepigwa. Lakini siku hiyo debe lilimlemea kichwani kuliko siku zote. Anapulizwa. Alilisikia neno hilo akipepeta mahindi, akalisikia akifunga mlango. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na Philister aliamini methali kama wengine wanavyoamini serikali.

*

Uhuru ulikuwa umeshapita miaka kumi. Philister alikuwa mjane, mfuaji nguo katika nyumba ya Wazungu huko Spring Valley, akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Joash alikaa naye ploti moja, chumba cha pili, pamoja na mkewe Nanjala na mtoto wao aliyekuwa bado ananyonya. Si zamani sana Joash alikuwa fahari ya ploti nzima. Alikuwa akipiga saksafoni katika bendi ya hoteli moja kubwa katikati ya mji, akivaa suti nyeupe ya hoteli, na Jumapili Philister aliweza kuitaja hoteli hiyo kanisani hata kama hakuna aliyeuliza. Kisha jioni moja, katikati ya wimbo ambao watalii waliupenda, Joash alitoka kwenye wimbo na hakurudi. Wachezaji walibaki wamesimama ukumbini wakitafuta pa kuweka mguu. Meneja alimvua ile suti papo hapo, na Joash akaja nyumbani na koti la kuazima.

Tangu hapo alikuwa akikunja karatasi katika duka la kupiga chapa River Road, na mwenye duka akamwachia chumba cha juu apulizie saksafoni yake, maadamu mashine za chini zina kelele zaidi. Huko ndiko alikokuwa na rafiki yake Musembi, mpiga ngoma, ambaye mchana kutwa alikuwa fundi wa zile mashine.

Jioni ya siku ile ya maneno, Philister alimpakulia Joash ugali na sukuma, akakaa akimtazama anavyotafuna. Alitafuna kama mtu mzima yeyote.

"Joash, siku hizi unapiga nyimbo gani?"

"Hazina majina, mama."

"Wimbo usio na jina watu wanauitishaje?"

"Hawauitishi." Joash akacheka. "Si ndiyo maana nilifukuzwa."

Nanjala naye akacheka, akimpigapiga mtoto mgongoni. Philister hakucheka. Akamwuliza kama ni kweli anachopiga hakina mwanzo wala mwisho. Joash aliona mama yake anauliza kwa dhati, akaweka tonge chini. Akamkumbusha siku walipomzika baba, shangazi alivyolia pale kaburini, akipanda na kushuka, akikatika na kuanza upya.

"Alikuwa anafuata wimbo gani, mama?"

"Hakuwa anaimba. Alikuwa analia."

"Na kuna mtu pale hakumwelewa?"

Philister akashika mwiko amwongezee ugali. Angekomea hapo Joash, pengine hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa amefurahi kuulizwa, na mtu aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa husema mengi. Akasema anamkumbuka babu yake, yule mzee Sifuna ambaye yeye Joash alipewa jina lake, alivyokuwa akipuliza pembe asubuhi huko nyumbani upande wa Busia hadi ng'ombe wanasimama.

"Kuna siku napuliza, nazama kabisa, namsikia yeye. Kabisa, kama yuko hapo nyuma yangu."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema amesikia harufu ya jikoni kwao. Lakini mwiko ulikuwa umesimama mkononi mwa Philister.

*

Akaenda kwanza kwa kina mama wa kanisa. Walikuja wakaimba, wakamwekea Joash mikono kichwani, naye alipiga magoti kwa heshima, akasema amina mahali pa amina. Walipomaliza aliwashukuru mmoja mmoja, akachukua sanduku lake la saksafoni, akashuka mtoni. Muda mfupi baadaye mbuzi yule akaanza tena kulia, na kina mama wakatazamana juu ya vikombe vya chai. Mmoja wao alisema yapo mambo mengine yanataka kufunga na kuomba. Philister alisikia ndani yake kwamba huyo mama ameshakata tamaa na anatafuta kitambaa chake aende.

Siku iliyofuata, kule Spring Valley, memsahib aliingia chumba cha kupigia pasi akiwa na kadi ndogo iliyochapwa vizuri. Alikuwa mama mwema, tena mwenye Kiswahili chake mwenyewe. Akamwonyesha Philister jina kwenye kadi kwa ncha ya kidole.

"Joash Sifuna. Wewe pia jina yako Sifuna. Hii mtu ndugu yako?"

Philister alisoma polepole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa darasani zamani. Ilikuwa kadi ya kuingilia ukumbi mmoja mjini, Jumamosi. Jina la mwanawe lilikuwa limechapwa kwa herufi kubwa kuliko jina la ukumbi.

"Mimi nakwenda," memsahib akasema. "Watu ya balozi nakwenda, mingi. Rafiki yangu alisikia yeye. Anasema hii mtu napiga kama wazimu, wazimu kabisa." Akaweka mkono kifuani, uso ukimng'aa.

Pasi ilikuwa imesimama juu ya shati la bwana. Philister akaiinua kabla haijaunguza.

"Hapana, memsahib. Simjui. Akina Sifuna ni wengi."

Memsahib akasema pole, akatoka na kadi yake. Philister alimaliza shati, akaanza lingine. Basi hata Wazungu wanajua. Jumamosi mwanawe atasimamishwa mbele ya mji mzima, mbele ya watu wa balozi, afumbe macho na kutoa sauti za mbuzi, na wao wamekuja kwa sababu hiyo, kama watu wanavyokwenda kutazama simba wa kufugwa. Kufika Jumamosi lazima awe amepona. Njia nzima ya kurudi Satellite hakuwaza kitu kingine.

*

Shemeji yake Were, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini. Alivaa yunifomu ya kaki hata siku za mapumziko, na kwa kuwa alibeba barua za wakubwa, jamaa walimhesabu kuwa karibu na wakubwa. Philister alimwita, akamweleza yote: maneno ya Rael, kadi, na yale Joash mwenyewe aliyosema kwa kinywa chake, kwamba anamsikia babu yake nyuma.

Were aliuliza swali moja tu.

"Joash meno yake ya chini yapo?"

"Yapo yote."

"Basi shemeji, unatafuta nini tena?"

Akamkumbusha. Mzee Sifuna aling'olewa meno ya chini ya mbele akiwa kijana, kama watu wote wa rika lake. Zamani mtu hakuitwa mtu kwao bila pengo hilo, na lilikuwa na kazi: mgonjwa aliyefungika taya alinyweshwa uji hapo akapona. Marehemu mumewe Philister, kwa sababu ya kanisa, alikataa wanawe wasiguswe. Sasa mzee amemjia mjukuu aliyechukua jina lake, anaingia, anakuta mdomo umejaa kama wa mgeni. Hapati mlango. Ndiyo hiyo kelele.

"Anagonga, shemeji. Sisi tunasema muziki."

Philister alisema yeye ni mtu aliyebatizwa. Were akasema hata yeye kabatizwa, na kwamba hospitali watu wanang'olewa meno kila siku na hakuna mchungaji anayekwenda kuwahesabia yaliyobaki. Alikuwa na majibu kwa kila kitu. Alimjua mzee mmoja Kawangware ambaye mkono wake haujasahau kazi hiyo.

"Hatakubali," Philister akasema.

"Ndiyo, hatakubali. Na usisahau hili neno." Were alishusha sauti. "Hiyo kelele imeshamzoea, haitaki kutoka. Itakataa kwa mdomo wake. Itakuomba, itakubembeleza, itakutaja jina lako. Ikitaja meno zaidi ya kitu kingine chochote, ujue ndiyo yenyewe inayosema."

Hapa ndipo Philister angeweza kumwuliza Nanjala. Nanjala alikuwa upande wa pili wa ukuta, akimwimbia mtoto, na ndiye aliyekuwa akikaa na Joash mtoni akimwona anavyoiweka saksafoni mdomoni. Philister mwenyewe alikuwa hajawahi kuona. Tangu mwanawe aanze kazi ile alisikia habari zake tu: zile nzuri kwa watu wa hoteli, na zile mbaya kwa watu wa bomba. Lakini aliona haya kumwuliza mke wa mtoto mambo ya ukoo.

*

Alhamisi alimtuma Nanjala na mtoto soko la Kangemi kutafuta dagaa, akijua foleni ya dagaa ni ndefu. Were akapita River Road, akampa Joash habari kwamba mama yake ameanguka akipiga pasi.

Joash alikuja mbio. Sanduku la saksafoni lilikuwa bado mkononi, maana hakuthubutu kuliacha kule. Akamkuta mama amelala, blanketi hadi kidevuni, na jua la alasiri limejaa mlangoni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, vile vile mama alivyokuwa akimwekea yeye zamani.

"Huna homa, mama," akasema, na furaha ikamtoka kama pumzi. "Ni uchovu tu. Nitamwambia huyo memsahib wako akupumzishe. Jumamosi ikipita mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia."

Ndipo Were akaingia na vijana wawili wa kwao, wapakiaji mizigo, na nyuma yao mzee mdogo mwenye mkoba wa ngozi. Mlango ukafungwa. Were aliongea kwa heshima, kama anayesoma barua ya ofisi: ukoo umekaa, ukoo umeona, hii ni kwa ajili ya uzima. Mzee akafungua mkoba, akatoa chuma chembamba kilichobapa ncha.

Joash kwanza alicheka. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine akingoja wacheke pia. Kisha akaelewa, na uso wake ukawa kama wa mtoto.

"Baba mdogo, nifukuzeni hapa, nitahama. Mnataka nirudi hotelini, nitarudi, nitavaa suti yao nipige twisti mpaka nizeeke. Nitakaa kanisani kuanzia asubuhi. Lakini si meno." Akamgeukia mama yake. "Mama, waambie. Kila kitu, lakini si meno. Mama."

Were alimtazama Philister juu ya kichwa cha Joash. Alichokuwa nacho cha kusema alishakisema.

Na Philister akasikia, kwa masikio yake mwenyewe, ile sauti inaomba, inabembeleza, inamtaja yeye, na inataja meno zaidi ya kitu kingine chochote. Akajua ndiyo yenyewe. Akatupa blanketi. Vijana walikuwa wameshika mikono na miguu, lakini kichwa kilikuwa kikirukaruka na mzee hakuweza kufanya kazi. Philister akapiga magoti, akakiweka kichwa cha mwanawe katikati ya mapaja yake, akakibana kwa mikono miwili, mikono iliyokamua mashuka ya watu miaka mingi.

"Nyamaza, baba," akamwambia. "Nyamaza. Ni kwa uzima wako."

Mzee alikuwa fundi; hakukosea, hakukawia. Yalitoka manne ya mbele. Sauti iliyomtoka Joash ilivuka ploti ikafika barabarani, na majirani waliosikia walisema ni ile ile ya mtoni, tofauti ni kwamba leo haikuwa na saksafoni.

*

Nanjala aliporudi, Joash alikuwa amelala akielekea ukuta, kitambaa mdomoni. Philister alimpokea mlangoni, uso umetulia kama mtu aliyetua mzigo, akamweleza kwamba yamekwisha, mumewe amepona, sasa ni uji na maji ya chumvi. Nanjala alimvuka, akafunua kitambaa, akatazama. Akarudi hadi mlangoni na kapu la dagaa bado begani.

"Mngeniuliza, mama," akasema. "Mimi namwona akipuliza. Mngeniuliza tu."

Philister alidhani ni uchungu wa mke.

Siku hiyo na usiku wake Joash hakutoa sauti, na ploti nzima ilisema kweli ametulia. Asubuhi Rael alileta chupa ya maziwa. Alimkuta Philister akimnywesha Joash uji kwa kijiko, akiupitisha penye pengo, kama wazee walivyosema. Uji uliingia vizuri. Rael akasema sifa kwa Bwana, na akaondoka haraka apate kuwahi bombani.

Musembi alifika adhuhuri, jasho linamtiririka, ametoroka kazi. Alikuwa amengoja tangu jana, na kesho ndiyo siku ya ukumbi. Mkononi alikuwa na radio ya kaseti ya mwenye duka, aliyoiazima ili wasikilize tena mahali palipokuwa panawashinda. Alisalimia kwa adabu, akaingia chumbani, na Philister akamsikia anauliza jambo, akauliza tena kwa sauti nyingine. Kisha ikasikika kufuli ya sanduku. Kisha ikaja sauti ambayo Philister hakuwahi kuisikia: upepo, mate, mluzi mwembamba uliokatika, upepo tena. Kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Ilirudia, ikarudia, ikakoma.

Musembi alitoka akasimama mbele yake.

"Mama," akasema, "hii kitu haishikwi na mikono. Mikono ni ya kubonyeza tu. Inashikwa hapa." Akauweka mdomo wake wa chini juu ya meno yake ya chini, akaugonga kwa kidole. "Saksafoni inakalia mdomo, mdomo unakalia meno. Hayo meno ndiyo stuli. Ukitoa stuli, yule mtu anakaa wapi?"

"Yatapona," Philister akasema. "Kidonda kitapona."

"Kidonda kitapona, mama."

Philister alitaka kumweleza, mgeni huyu wa kabila lingine, kwamba yapo mambo ya ukoo asiyoyajua, kwamba mwanawe alikuwa anapulizwa. Akamweleza. Musembi alisikiliza hadi mwisho. Aliweka radio ya kaseti juu ya stuli, akabonyeza.

Ikatoka ile kelele: mbuzi, kisha mzee anayecheka, kisha mtoto mchanga, na ngoma chini yake. Ilikuwa mara ya kwanza Philister kuisikia kwa karibu, na kwake ilikuwa kelele vile vile. Hakuipenda, na hakudanganya nafsi yake kwamba ameipenda. Nywele zilimsimama. Ndiyo hiyo, akataka kusema, si umesikia? Lakini kelele ilikatika ghafla, na ndani ya kaseti mwanawe akakohoa.

"Hapana, hapana," Joash wa kaseti akasema, kwa ile sauti yake ya kila siku, ya mtu anayeomba chumvi. "Musembi, umeingia mapema. Nikipanda mara ya tatu ndipo uingie. Turudie. Toka mwanzo."

Na wakarudia. Mbuzi akaja mahali pake. Mzee akaja mahali pake, akacheka kicheko kile kile. Mtoto akaja mahali pake, na sauti ilipopanda mara ya tatu ngoma ikaingia, na Joash akasikika akicheka. "Hapo sasa," akasema. "Tena."

Philister alimwomba Musembi airudishe nyuma. Akasikiliza tena. Toka mwanzo. Alikuwa amefua nguo za watu maisha yake yote, na aliijua sauti ya mtu anayerudia kazi kwa sababu haijatakata. Pepo hana haja ya kurudia. Pepo hamwambii mwenzake kwamba ameingia mapema.

Akasimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Ilikuwa bado na harufu ya ile chumvi.

*

Jumamosi ilipita. Jumatatu memsahib aliingia chumba cha pasi, akasema watu walingoja, wakangoja, yule Sifuna hakutokea, wakarudishiwa pesa za kadi wakaenda. Ilikuwa huzuni sana. Akauliza kama labda Philister amesikia habari, alikuwa mgonjwa?

"Ni mwanangu, memsahib," Philister akasema, macho kwenye pasi. "Hakuwa mgonjwa."

Joash alijaribu. Alijaribu na meno ya bandia aliyotengenezewa kwa fundi, yakamtoka mdomoni na kuanguka sakafuni mbele ya Musembi, wakayatafuta pamoja chini ya meza. Alijaribu kukunja mdomo hivi na vile hadi ukachanika. Mvua zilipoanza akaacha. Alirudi kukunja karatasi. Akiongea, huweka kiganja mbele ya mdomo, na mamake hamwiti tena mama. Humwita, inapobidi, mama Joash, kama majirani. Nanjala alikaa naye. Jioni Joash hushuka mtoni na sanduku, akaliweka mapajani bila kulifungua, akatazama maji hadi giza. Watu wanaopita humsalimu naye haitikii.

Kwenye foleni ya maji sasa wanasema Joash amerukwa na akili. Rael ndiye anayesimulia, wala haongezi wala hapunguzi. Na safari hii hakuna wa kumbishia. Lilisemwa wakati halipo, na sasa limekuja. Philister ndiye aliyelifungulia mlango, tena akalishikia kichwa.

Ninyi kina mama mnaosoma, haya ndiyo ya kuepuka:

Usibebe neno la foleni mpaka nyumbani. Beba maji.

Usiulize watu wote habari za mtoto wako ukamwacha mkewe.

Usiseme kazi ya mtoto ni wazimu kabla hujapanda ngazi ukaiona inavyofanywa.

Usimkane mbele ya mtu unayemfulia nguo, wala mbele ya mtu mwingine yeyote.

Usijilaze kitandani kwa uongo ili aje mbio. Siku ya ugonjwa wa kweli utangoja.

Usimwamini anayekwambia kwamba mtu akikataa ndiyo dalili. Mzima naye hukataa.

Usikubali kitu king'olewe mwilini mwa mtu kabla hujamwuliza anakitumia kufanya nini.

Na wengine wakimshika mikono na miguu, wewe usimshike kichwa.